Joseph Bramah na Mtambo wa Kuinulia Mizigo

Maswali mawili

Bila shaka umewahi kuona gari limesimama kando ya barabara kwa sababu gurudumu lake moja limepata pancha. Dereva hutoa jeki, akaiweka chini ya gari, kisha akaanza kuupandisha na kuushusha mpini wake. Kidogo kidogo gari huinuka, mpaka gurudumu lile likaachana na ardhi. Mtu mmoja, kwa mkono wake, ameinua mzigo ambao wanaume kadhaa wenye nguvu wangetoka jasho kuuinua.

Jambo hili linatuletea maswali mawili. Swali la kwanza ni hili: nguvu ndogo ya mkono inawezaje kuinua gari? Hilo watu wengi huliuliza. Swali la pili watu wengi hulisahau, nalo ni hili: gari likiisha kuinuliwa, ni kitu gani kinacholishikilia lisianguke?

Katika sura hii utasoma maisha ya Joseph Bramah, fundi wa Uingereza. Bramah hakuwahi kuona gari la petroli, maana magari hayo yalianza kutengenezwa miaka 70 hivi baada ya kifo chake. Hata hivyo, jeki ya mafuta inayotumika katika gereji zetu imetokana na mtambo alioubuni yeye mwaka 1795. Fuata maisha yake kwa makini, nawe utapata majibu ya maswali yote mawili. Jibu la swali la pili lishike zaidi, kwa kuwa mtu asiyelijua anaweza kupoteza maisha.

Mtoto wa mkulima

Joseph Bramah alizaliwa mwaka 1748 huko Stainborough, karibu na mji wa Barnsley, katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima, na ilitazamiwa kwamba mtoto naye angekuwa mkulima. Alisoma katika shule ya kijiji cha Silkstone, kisha akaanza kumsaidia baba yake shambani.

Alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi, aliumia vibaya kifundo cha mguu. Kazi ya shamba ilimtaka mtu asimame na kutembea kutwa nzima nyuma ya plau, na Joseph hakuweza kazi hiyo tena. Kwa hiyo alipelekwa kwa seremala wa hapo kijijini ili ajifunze useremala. Huko alijifunza kupima, kukata na kuunganisha mbao kwa usahihi. Ajali iliyomfungia mlango wa kilimo ilimfungulia mlango wa ufundi.

Alipomaliza kujifunza, alikwenda London kutafuta kazi. Inasimuliwa kwamba safari hiyo, ambayo ni zaidi ya kilomita 200, aliifanya kwa miguu. Mjini alipata kazi ya kutengeneza samani, na baadaye akawa anafunga vyoo vya maji katika nyumba za watu. Vyoo hivyo vilikuwa na kasoro. Kilango chake cha kuzuia maji kilikuwa cha kusukumwa kando, na wakati wa baridi kali kiliganda kwa barafu. Bramah akatengeneza kilango cha bawaba kilichofunga vizuri zaidi. Mwaka 1778 alipata hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi ili mtu mwingine asiuige uvumbuzi wake bila ruhusa.

Angalia jambo ambalo litarudi tena katika maisha yake. Tatizo lake la kwanza lilikuwa kuzuia maji yasipite mahali yasipotakiwa. Baada ya miaka 17, tatizo hilo hilo, kwa nguvu kubwa zaidi, lilitaka kuuharibu uvumbuzi wake mkubwa kuliko wote.

Kufuli la dirishani

Mwaka 1784 Bramah alipata hataza nyingine, mara hii ya kufuli. Makufuli ya wakati huo yalifunguliwa na wezi kwa urahisi. Kufuli la Bramah lilikuwa na vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kuzunguka duara. Ufunguo wake ulikuwa wa mviringo, wenye mikato ya vina mbalimbali kwenye ncha yake. Kila mkato ulikisukuma kipande kimoja mpaka mahali pake hasa. Kipande kimoja tu kikizidi au kikipungua, kufuli halikufunguka.

Bramah aliweka kufuli moja la namna hii katika dirisha la duka lake mtaa wa Piccadilly, London, pamoja na tangazo la zawadi ya gini 200, yaani pauni 210, kwa mtu yeyote atakayeweza kulifungua bila ufunguo wake. Zawadi hiyo haikuchukuliwa wakati wa uhai wake. Mwaka 1851 fundi wa Marekani, Alfred Charles Hobbs, alifaulu kulifungua, na hata yeye alihitaji siku kadhaa za kazi.

Kufuli hilo lilikuwa zuri, lakini kulitengeneza kulikuwa kugumu. Vipande vyake vilitakiwa vikatwe sawasawa kabisa, na mikono peke yake haikuweza kufanya hivyo kwa haraka. Bramah alihitaji mashine za kutengenezea sehemu za kufuli, na alihitaji fundi wa kuziunda mashine hizo. Mwaka 1789 alimwajiri kijana wa miaka 18 aliyeitwa Henry Maudslay. Kijana huyu alikuwa ameanza kazi tangu umri wa miaka 12 katika ghala la silaha la Woolwich, akijaza baruti. Baada ya muda mfupi alionekana kuwa na mikono yenye ustadi usio wa kawaida, akafanywa msimamizi wa karakana nzima.

Kutokana na kufuli, basi, karakana ya Bramah ilipata vitu viwili: mashine za kukata chuma kwa usahihi, na mafundi waliozoea kazi ya usahihi. Bila vitu hivyo viwili, mtambo utakaosoma habari zake sasa usingeweza kutengenezwa.

Njia za kale za kuinua mizigo

Kabla ya Bramah, watu waliinua mizigo kwa njia walizozirithi tangu zamani sana. Mojawapo ni mteremko. Ukitaka kupakia pipa katika lori, huliinui moja kwa moja. Huegemeza ubao, kisha hulisukuma pipa juu ya ubao huo. Ubao ukiwa na urefu wa mita 3, na sakafu ya lori ikiwa na kimo cha mita 1, kani unayoihitaji ni kama theluthi moja tu ya uzito wa pipa, tukiacha msuguano. Lakini umelisukuma pipa kwa umbali wa mita 3 badala ya mita 1. Ulichokipata katika kani umekilipa katika umbali. Kumbuka kanuni hii, maana hakuna mashine inayoikwepa.

Njia nyingine ni skrubu. Chukua karatasi, uikate umbo la pembetatu yenye upande mmoja ulioinama kama mteremko, kisha uizungushie penseli. Utaona kwamba ule upande ulioinama unapanda kwa kuizunguka penseli. Skrubu ni mteremko mrefu uliozungushiwa nondo. Katika wakati wa Bramah, shinikizo za skrubu zilitumika kukamua mafuta na matunda, na kubana karatasi na nguo. Shinikizo ni mtambo wa kubania vitu kwa nguvu.

Lakini skrubu ina kasoro. Sehemu zake husuguana sana, na kiasi kikubwa cha kani ya mtu anayeizungusha hupotea katika msuguano. Bramah alitafuta njia yenye msuguano mdogo zaidi. Aliipata katika maji.

Wazo la Mfaransa

Zaidi ya miaka 100 kabla ya wakati huo, aliishi nchini Ufaransa mtaalamu wa hisabati aliyeitwa Blaise Pascal, ambaye alizaliwa mwaka 1623 na kufariki mwaka 1662. Kitabu chake kuhusu maji kilichapishwa mwaka 1663, baada ya kifo chake. Humo alieleza kwamba maji yaliyofungiwa ndani ya chombo yakisukumwa mahali pamoja, msukumo huo huenea pande zote kwa kiasi kile kile.

Ili uelewe, lazima ujue maana ya kanieneo. Kanieneo ni kani inayokandamiza kila kipande cha eneo, kwa mfano kila sentimeta mraba. Sasa fikiri kuna mabomba mawili yaliyosimama, yameunganishwa chini, na yamejaa maji. Bomba dogo lina pistoni yenye eneo la sentimeta mraba 2. Bomba kubwa lina pistoni yenye eneo la sentimeta mraba 40. Weka juu ya pistoni ndogo uzito wa kilo 50. Kila sentimeta mraba ya pistoni hiyo inakandamiza maji kwa uzito wa kilo 25. Kanieneo hiyo hiyo inafika chini ya pistoni kubwa. Kwa kuwa pistoni kubwa ina sentimeta mraba 40, nayo inasukumwa juu kwa kani inayoweza kubeba kilo 25 mara 40, yaani kilo 1,000.

Hili ndilo jibu la swali la kwanza. Lakini usisahau kanuni ya mteremko. Ili pistoni kubwa ipande sentimeta 1, pistoni ndogo lazima ishuke sentimeta 20. Hii ndiyo sababu dereva hupampu mpini wa jeki mara nyingi, huku gari likipanda kidogo kidogo.

Pascal alieleza kwamba kwa chombo cha namna hii mtu mmoja angeweza kushindana na watu 100. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 100 wazo lake halikuzaa mtambo wa kufanyia kazi nzito. Mwaka 1795 Bramah alipata hataza ya shinikizo la maji. Alitumia pampu ndogo yenye mpini, ambao ni wenzo. Pampu ilisukuma maji kupitia vali mpaka kwenye silinda kubwa ya chuma. Vali iliyaruhusu maji kuingia, ikayakataza kurudi. Kila mpini ulipopandishwa na kushushwa, pistoni kubwa ilipanda kidogo, ikakaa pale ilipofika.

Tatizo la kuvuja

Mtambo ulipojaribiwa, tatizo lilijitokeza. Kati ya pistoni na silinda lazima pawe na nafasi ndogo, kwani isipokuwapo pistoni haiwezi kwenda. Nafasi hiyo ilizibwa kwa kitu kilichokazwa kuizunguka pistoni. Kilipokazwa kidogo, maji yaliruka nje kwa nguvu na mzigo ukashuka. Kilipokazwa sana, maji yalizuiwa, lakini pistoni ilibanwa hata ikakataa kurudi chini. Fundi alikuwa kati ya mambo mawili, na kila moja lilikuwa baya.

Fikiri hali ya Bramah wakati huo. Hesabu zake zilikuwa sahihi. Silinda yake ilikuwa imara. Lakini mtambo mzima wa chuma ulishindwa kwa sababu ya upenyo mwembamba kuliko ukucha.

Kwa mujibu wa habari zilizoachwa na fundi James Nasmyth, ambaye baadaye alifanya kazi na Henry Maudslay, aliyeutatua ugumu huo ni Maudslay. Alitumia pete ya ngozi iliyokunjwa kama mfereji, na uwazi wa mfereji ukaelekea kwenye maji. Maji yaliposukumwa, yaliingia ndani ya mfereji huo na kuzitanua kingo zake mbili. Ukingo mmoja uliibana pistoni, na mwingine ukaibana silinda. Kadiri kanieneo ilivyoongezeka, ndivyo ngozi ilivyoziba zaidi. Kanieneo ilipoondolewa, ngozi ililegea na pistoni ikarudi kwa urahisi. Yale maji yaliyotaka kutoroka ndiyo yaliyofanywa yajizibe yenyewe.

Ukitaka kuona kitu kinachofanana na hicho, muombe mwenye baiskeli akufungulie pampu yake. Katika pampu nyingi, mwisho wa fimbo utaona kikombe kidogo cha ngozi au cha mpira. Hewa inaposukumwa hukitanua kikombe hicho, nacho huziba. Kikombe kikikauka na kupasuka, utapampu mpaka uchoke, na tairi halitajaa.

Bwana na fundi wake

Maudslay alikuwa sasa mkuu wa mafundi wa Bramah, ameoa na ana watoto. Mshahara wake ulikuwa shilingi 30 za Kiingereza kwa juma. Aliomba aongezewe, lakini Bramah alikataa. Mwaka 1797 Maudslay aliondoka akafungua karakana yake mwenyewe. Baadaye karakana hiyo ilisifiwa nchini kote kwa usahihi wa mashine zake, na ikawafundisha mafundi wengi mashuhuri. Bramah alipoteza kwa shilingi chache mtu aliyemsaidia sana. Tunapotaja shinikizo la Bramah, ni haki tukumbuke pia mikono iliyolifanya lisivuje.

Bramah mwenyewe aliendelea kubuni. Alitengeneza pampu ya kuvutia bia kutoka katika mapipa yaliyowekwa chini ya nyumba, na mashine ya kurandia mbao. Mwaka 1806 alitengeneza mashine ya kuchapa namba katika noti za Benki ya Uingereza, ambazo hapo awali ziliandikwa namba kwa mkono na makarani.

Mwaka 1814 shinikizo lake lilitumika katika msitu wa Holt, jimbo la Hampshire, kung'oa miti pamoja na mizizi yake. Miti zaidi ya 300 iling'olewa. Bramah alikwenda kuisimamia kazi hiyo yeye mwenyewe, akapatwa na baridi, akaugua. Alifariki mwezi wa Desemba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 66.

Daraja la Britannia

Miaka 35 baada ya kifo cha Bramah, mitambo ya namna yake ilipewa kazi kubwa sana. Mhandisi Robert Stephenson alikuwa anajenga daraja la reli liitwalo Britannia, juu ya mlangobahari wa Menai, kati ya Wales na kisiwa cha Anglesey. Daraja hilo lilifanywa kwa mabomba makubwa ya chuma, ambayo treni ilipita ndani yake. Kila bomba refu lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 1,000. Mabomba yaliletwa yakielea majini, kisha yakainuliwa kwa shinikizo la maji hadi kimo cha mita 30 hivi.

Stephenson alijua kwamba shinikizo linaweza kuinua mzigo huo. Hata hivyo hakutaka liushikilie mzigo peke yake. Aliamuru kwamba kila bomba linapopanda kidogo, mafundi waijaze mara moja nafasi iliyopatikana chini ya ncha zake. Amri hiyo iliichelewesha kazi.

Mwezi wa Agosti mwaka 1849, bomba moja likiwa limepanda mita 7 hivi, kitako cha silinda ya shinikizo kilipasuka ghafula. Chuma kilichokatika kilianguka kutoka juu, na mfanyakazi mmoja akauawa. Bomba nalo lilianguka, lakini halikufika mbali. Lilishuka chini ya sentimeta 30, likakaa juu ya vitu vilivyojazwa chini yake. Laiti nafasi ile ingeachwa wazi, bomba lote lingeporomoka. Silinda nyingine ilitengenezwa, kazi ikaendelea, na daraja likafunguliwa mwaka 1850.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la pili. Mtambo wa maji au wa mafuta unainua vizuri, lakini mzigo wake unashikiliwa na maji yaliyofungiwa tu. Ngozi, mpira, vali au silinda, chochote kati ya hivyo kikishindwa, mzigo unashuka. Kwa hiyo, kuinua ni kazi moja, na kushikilia ni kazi nyingine. Kila kazi ipewe chombo chake.

Vipandio au jeki?

Sasa tutumie tulichojifunza. Mtu anayetaka kulitengeneza gari lake nyumbani anaweza kuliinua kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni vipandio. Hivi ni miteremko miwili mifupi ya chuma, yenye kitako bapa juu. Dereva huliendesha gari polepole mpaka magurudumu mawili yakakaa juu ya vitako. Injini ndiyo inayotoa kani, na mteremko ndio unaoipunguza kani inayohitajika. Gari likiisha kupanda, linakaa juu ya chuma kisichokwenda. Hapana mafuta ya kuvuja. Vipandio vinafaa kwa kazi kama kumwaga mafuta machafu ya injini. Lakini vina mipaka. Kimo chake ni kidogo, dereva asipokuwa mwangalifu anaweza kupitiliza, na magurudumu hayawezi kutolewa kwa sababu ndiyo yanayolibeba gari.

Njia ya pili ni jeki, iwe ya skrubu au ya mafuta. Jeki huliinua gari kwa kulisukuma mwilini, na magurudumu hubaki yananing'inia. Kwa hiyo kazi ya kubadili tairi au kutengeneza breki haina budi kufanywa kwa jeki. Lakini jeki ni chombo cha kuinulia. Kazi ya kushikilia ifanywe na stendi, yaani miguu imara ya chuma inayowekwa chini ya gari. Gari likiisha kuinuliwa, fundi huweka stendi, kisha hulishusha gari taratibu mpaka likazikalia. Anafanya kama alivyofanya Stephenson mwaka 1849.

Yashike mambo haya matano:

1. Gari lisimame mahali pagumu na tambarare. Udongo laini humeza jeki, na mwinuko huisukuma upande.

2. Magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa kabari, mbele na nyuma. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Hayo yakiinuliwa, breki hiyo haizuii kitu.

3. Angalia uzito ulioandikwa kwenye jeki, kipandio au stendi. Chombo kisibebeshwe zaidi ya uwezo wake.

4. Jeki na stendi ziwekwe chini ya sehemu imara za gari zilizoonyeshwa katika kitabu chake. Tofali lenye matundu lisitumike, maana hupasuka bila kutoa dalili.

5. Mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Wewe mwanafunzi usiingie kabisa. Lakini ukimwona mtu mzima anataka kuingia, mwombe kwa heshima aweke stendi kwanza, na umweleze sababu.

Jaribio

Vifaa: mabomba mawili mapya ya sindano, yasiyo na sindano, moja dogo na moja kubwa, mpira mwembamba wa kuyaunganisha, maji.

Jaza maji katika bomba dogo na katika mpira, hewa yote itoke. Unganisha bomba kubwa ambalo pistoni yake imesukumwa mpaka mwisho. Sukuma pistoni ndogo. Pima kila pistoni imekwenda sentimeta ngapi. Kisha wewe sukuma pistoni ndogo, na mwenzako azuie ile kubwa. Nani anashinda? Mwisho, ulegeze kidogo mpira wa kuunganishia, usukume tena, na utazame linalotokea.

Maswali

1. Ni tukio gani lililomfanya Bramah aache kilimo?

2. Kazi ya kutengeneza makufuli iliisaidiaje kazi ya kutengeneza shinikizo?

3. Pistoni ndogo ina eneo la sentimeta mraba 3, na kubwa sentimeta mraba 60. Ukiweka kilo 20 juu ya pistoni ndogo, pistoni kubwa inaweza kubeba kilo ngapi? Ikipanda sentimeta 2, ile ndogo itashuka sentimeta ngapi?

4. Eleza kwa mchoro jinsi pete ya ngozi ilivyozuia maji.

5. Kwa nini bomba la daraja la Britannia halikuporomoka mpaka chini?

6. Jirani anataka kumwaga mafuta ya injini, na mwingine anataka kubadili tairi. Kila mmoja atumie chombo gani? Toa sababu.